Usiku wa Watu Ishirini: Kisa cha Waziri Yrjö Leino

Usiku wa tarehe 20 Aprili 1945, waziri wa mambo ya ndani wa Ufini alikabidhiwa barua. Yrjö Leino alikuwa na siku tatu tu katika kiti hicho. Barua ilitoka kwa Tume ya Udhibiti ya Washirika, iliyokuwa imeweka makao yake katika Hoteli Torni mjini Helsinki, na ilibeba sahihi ya Jenerali Savonenkov wa jeshi la Kisovieti. Ndani yake mlikuwa na majina 22. Watu hao, ilisema barua, wana hatia ya uhalifu wa kivita, ujasusi na ugaidi dhidi ya Umoja wa Kisovieti. Wakamatwe, wakabidhiwe.

Kesho yake watu 20 walikuwa mikononi mwa Warusi, safari yao ikiwa ni ya ndege kwenda Moscow. Wawili ndio walioponyoka. Serikali ambayo Leino alikuwa mmoja wa mawaziri wake ilipata habari mambo yakiwa yameshatendeka.

Miaka mitatu baadaye, usiku ule ulimvua uwaziri. Kisa hiki kinastahili kusomwa polepole, kwa sababu ukikisoma haraka utampata mtu mbaya na watu wema, nawe utatosheka. Mimi sikutosheka. Kadiri ninavyokirudia ndivyo ninavyoamini kwamba Bunge la Ufini lilitenda haki kumwondoa, na kwamba wengi waliompigia kura ya kumwondoa walikuwa na sababu zao nyingine kabisa. Yote mawili ni kweli, na lazima yashikwe kwa pamoja.

Leino alizaliwa mwaka 1897 karibu na Helsinki. Alisomea kilimo, akawa mkulima, na miaka ya 1930 akaingia katika Chama cha Kikomunisti wakati chama hicho kilikuwa kimepigwa marufuku. Alifungwa kwa ajili hiyo. Vita vilipoanza tena mwaka 1941, Ufini ikipigana upande mmoja na Ujerumani dhidi ya Umoja wa Kisovieti, yeye aliingia mafichoni na kubaki huko mpaka vita vilipokwisha. Mtu wa namna hiyo hakuwa na ndoto ya uwaziri. Alikuwa akiwakimbia polisi.

Halafu dunia ikapinduka. Tarehe 19 Septemba 1944 Ufini ilitia sahihi mkataba wa kusitisha vita mjini Moscow. Ilikubali kulipa fidia ya dola milioni 300 kwa bidhaa, kuachia sehemu ya ardhi yake, na kuikodisha rasi ya Porkkala, takriban kilomita 30 magharibi mwa Helsinki, iwe kambi ya jeshi la Kisovieti. Chama cha Kikomunisti kikaruhusiwa. Oktoba ukaundwa Muungano wa Kidemokrasia wa Watu wa Ufini, unaojulikana kwa herufi zake SKDL, ukiwakusanya wakomunisti na wasoshalisti wa mrengo wa kushoto chini ya mwavuli mmoja. Novemba, mzee Juho Kusti Paasikivi alipounda serikali, alimpa Leino nafasi katika wizara ya ustawi wa jamii. Alikuwa mkomunisti wa kwanza kuwa waziri katika historia ya nchi hiyo.

Machi 1945 ukafanyika uchaguzi, na SKDL ikapata viti 49 kati ya 200. Wasoshalisti wa Kidemokrasia walipata 50, Chama cha Wakulima 49. Hesabu kama hiyo haiwezi kupuuzwa, na chama kilichovuna hivyo kiliidai wizara yenye polisi. Kikapewa. Ndivyo Leino alivyokalia kiti cha mambo ya ndani tarehe 17 Aprili: mtu aliyetoka mafichoni miezi michache tu nyuma sasa ndiye mkuu wa polisi waliokuwa wakimsaka.

Niseme neno kuhusu nchi yenyewe, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Mwaka 1918 Wafini waliuana wenyewe kwa wenyewe, Wekundu wa mrengo wa kushoto na Weupe wa mrengo wa kulia. Katika taifa la watu kama milioni tatu walikufa zaidi ya 36,000, na wengi wa Wekundu hawakufia vitani bali makambini, kwa njaa na maradhi, baada ya vita kwisha. Mtoto aliyempoteza baba katika kambi hizo alikuwa mtu mzima mwaka 1945. Kwake yeye, polisi na mahakama za Ufini hazikuwa kitu cha kuaminiwa hata kidogo. Na jirani yake aliyekuwa upande wa Weupe, akisikia mkomunisti amepewa polisi, alilala na viatu.

Sasa turudi kwenye barua, maana kisa chote kimo humo.

Majina yale hayakuwa ya kundi moja. Kumi walikuwa raia wa Ufini. Wengine wengi wao walikuwa Warusi waliokimbia mapinduzi ya 1917, wakaishi Ufini zaidi ya miaka ishirini na pasi za Nansen, zile hati ambazo Shirikisho la Mataifa liliwapa watu wasio na nchi. Mmoja wao alikuwa Severin Dobrovolski, jenerali wa zamani wa jeshi la Weupe wa Urusi, waliopigana dhidi ya Wabolsheviki. Mwingine alikuwa Stepan Petrichenko, baharia aliyeongoza uasi wa Kronstadt mwaka 1921. Petrichenko hakuwa bepari wala mtu wa tsar. Alikuwa mwanamapinduzi aliyewaasi Wabolsheviki kwa madai kwamba wameyasaliti mapinduzi. Kumweka orodha moja na jenerali wa Weupe kunatosha kuonyesha orodha hiyo ilikuwa ya namna gani: maadui wa zamani wa Moscow, wa rangi zote, wamekusanywa kwenye karatasi moja. Dobrovolski alipigwa risasi mwaka 1946. Petrichenko alifia kambini mwaka 1947.

Leino angeweza kufanya nini? Swali hili huulizwa kana kwamba jibu lake ni mojawapo ya mawili, kukubali au kukataa. Aliyekataa angekuwa na wazimu, husema watetezi wake, na kwa hilo wana hoja. Tume ya Udhibiti iliongozwa na Andrei Zhdanov, mmoja wa watu wa karibu kabisa na Stalin. Mizinga ya Porkkala ilikuwa jirani. Kifungu cha 13 cha mkataba wa kusitisha vita kiliilazimu Ufini kushirikiana na Washirika katika kuwakamata na kuwahukumu watuhumiwa wa uhalifu wa kivita. Waziri mgeni, usiku, anaambiwa na mshindi wa vita: watoe hawa. Sioni ajabu mtu akitetemeka.

Lakini kati ya kukubali na kukataa kulikuwa na nafasi pana, nayo ndiyo iliyotumiwa na Paasikivi katika kila jambo lingine la miaka ile. Angalia kesi ya viongozi waliolaumiwa kwa kuiingiza nchi vitani. Moscow ilitaka wahukumiwe. Wafini hawakukataa, ila walifanya kesi hiyo kwao, Helsinki, mbele ya majaji wa Kifini, kwa sheria iliyopitishwa na Bunge lao, kuanzia Novemba 1945 hadi Februari 1946. Sheria yenyewe ilikuwa mbovu, maana iliadhibu matendo yaliyofanyika kabla ya kutungwa kwake, na shinikizo la Tume halikufichika. Hata hivyo rais wa zamani Risto Ryti alifungwa katika gereza la nchi yake, familia yake ikijua alipo, na mwaka 1949 akasamehewa, akarudi nyumbani. Linganisha na Dobrovolski.

Kwa hiyo mambo yaliyowezekana usiku ule yalikuwa mengi. Kumwamsha Waziri Mkuu. Kuuliza ushahidi uko wapi. Kuwatenga raia na wasio raia, maana sheria ya nchi yoyote haimtoi raia wake kama mzigo wa korosho. Kukisoma kifungu cha 13 neno kwa neno: kinasema kushirikiana katika kukamata na katika kuhukumu, hakisemi kukabidhi kimyakimya. Kuwakamata watu hao ili Tume itulie, kisha kuwaweka rumande Helsinki wakati serikali inajadiliana. Huenda yote hayo yangegonga mwamba, na 20 wale wale wangepakiwa ndege ile ile wiki moja baadaye. Inawezekana sana. Lakini uamuzi ungekuwa wa serikali, ungeandikwa, na mtu angeweza kuulizwa.

Leino hakumwamsha mtu. Aliipeleka orodha kwa Polisi ya Taifa, na polisi wakaenda kugonga milango. Hapa ndipo ninaposimama kila mara. Fikiria upande wa pili wa mlango: mke anayeona mume akivaa koti, anayeambiwa ni mahojiano tu, au haambiwi lolote. Anakwenda kesho yake kuuliza kituoni. Wizara ya nchi yake ndiyo iliyomchukua mume, na wizara hiyo haina tena cha kumjibu, maana mume hayupo nchini. Familia hizo zilikaa miaka bila kujua mtu wao yu hai au amekufa.

Utetezi wake ulisimama juu ya ile amri ya Tume: hakukuwa na la kuamua, kulikuwa na la kutekeleza tu. Ninaupima utetezi huu kwa uzito wote unaostahili, kwa kuwa mtu huyu hakuwa katili. Hakutajirika kwa watu 20. Wala hakuwachagua yeye. Kosa lake lilikuwa la namna nyingine. Alifanya peke yake jambo ambalo hakupewa mamlaka ya kulifanya peke yake, na alilifanya hivyo kwa sababu aliyeamuru alikuwa mkubwa kuliko waliompa cheo.

Kuna jambo jingine ambalo wapinzani wake wa mrengo wa kulia hawakupenda kukumbushwa. Leino hakuwa waziri wa kwanza wa mambo ya ndani wa Ufini kukabidhi watu kwa dola kubwa. Novemba 1942, Ufini ikiwa upande mmoja na Ujerumani, waziri Toivo Horelli na polisi yake waliwakabidhi wakimbizi wanane wa Kiyahudi kwa Gestapo. Walisafirishwa kwa meli hadi Tallinn. Katika wale wanane, mmoja tu alinusurika. Ndani ya serikali Karl-August Fagerholm, msoshalisti wa kidemokrasia aliyekuwa waziri wa ustawi wa jamii, alipinga vikali, na kelele za magazeti na wananchi zikasaidia kuzuia wengine wasipelekwe. Lakini Horelli alibaki wizarani hadi serikali yenyewe ilipobadilika Machi 1943. Hakuna kura iliyompindua. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu. Ukitaka kujua kwa nini wafuasi wa Leino walikataa kuamini kwamba mwaka 1948 Bunge lilikuwa linatetea sheria, sababu yao mojawapo ni hii, na ni sababu nzito.

Baada ya Aprili 1945, kimya. Paasikivi, ambaye ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu aliyerukwa, hakumfukuza Leino. Machi 1946 Paasikivi akawa rais baada ya Mannerheim kujiuzulu, na alipoteua serikali mpya chini ya Mauno Pekkala wa SKDL, Leino alirudishwa kwenye wizara ile ile. Ninamheshimu Paasikivi kuliko wanasiasa wengi wa karne ile, lakini hapa naye ana lake la kujibu. Alijua. Alinyamaza kwa sababu Tume ya Udhibiti ilikuwa bado Torni, na kumgusa Leino kwa jambo hilo kungekuwa kuigusa Tume.

Katika miaka hiyo Polisi ya Taifa ilijazwa wakomunisti, na watu wakaiita Valpo nyekundu, Valpo ikiwa kifupi cha jina lake la Kifini. Makamu wa mkuu wake alikuwa Aimo Aaltonen, mmoja wa viongozi wa Chama cha Kikomunisti. Polisi ya siri iliyo mkononi mwa chama ni jambo baya, kiwe cha kulia au cha kushoto, na Leino aliliacha litokee chini ya pua yake. Wakati huo huo chama chenyewe kilianza kumchoka. Alionekana mlegevu. Alikuwa akinywa sana. Mkewe alikuwa Hertta Kuusinen, mwanamke mwenye kipaji kikubwa cha kuhutubia, aliyekuwa amefungwa miaka mingi kwa ajili ya imani yake, na ambaye baba yake, Otto Wille Kuusinen, alikuwa kigogo Moscow. Huyo baba ndiye Stalin alimweka Desemba 1939 kuongoza ile serikali bandia ya Terijoki, wakati jeshi la Kisovieti lilipoivamia Ufini. Fikiria kukaa katika nyumba hiyo. Ukirudi kutoka ofisini kwako, chama kiko mezani.

Septemba 1947 mkataba wa amani ulianza kufanya kazi, na Tume ya Udhibiti ikafunga virago. Tarehe hii huandikwa kwa wino mdogo katika vitabu, lakini kwangu ndiyo bawaba ya kisa kizima. Kwa mara ya kwanza tangu 1944, Bunge la Ufini liliweza kuuliza swali kuhusu usiku ule bila mwenye barua kuwa jirani wa mtaa wa pili.

Kisha ikaja 1948, na mambo yakafuatana kwa kasi. Februari, wakomunisti walichukua madaraka Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia, na huko pia wizara ya mambo ya ndani ilikuwa mkononi mwao. Siku zile zile, kwa barua ya tarehe 22 Februari, Stalin alimwandikia Paasikivi akitaka mkataba wa urafiki na ulinzi. Machi, Hertta Kuusinen alisema hadharani kwamba njia ya Chekoslovakia ndiyo inayopaswa kuwa njia ya Ufini. Kauli moja jukwaani, na nchi nzima ikashika pumzi. Leino alikwenda Moscow katika ujumbe wa mazungumzo. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 6 Aprili, na kwa mshangao wa wengi haukuwa nakala ya ule wa Hungaria au Romania. Ufini iliahidi kujilinda ikiwa Ujerumani au mshirika wake angeishambulia, au angeushambulia Umoja wa Kisovieti kupitia ardhi yake. Msaada wa Kisovieti ungekuja kwa makubaliano, si kwa amri.

Katikati ya haya kuna jambo dogo la ajabu. Kwa maelezo ya Leino mwenyewe, Machi hiyo alimdokeza Jenerali Aarne Sihvo, mkuu wa majeshi, kwamba huenda wenzake wa chama wakaleta vurugu. Kama mapinduzi yalikuwa yamepangwa kweli au ni uvumi tu, wanahistoria wa Ufini wamebishana mpaka leo. Mwisho wa Aprili serikali ilichukua tahadhari: polisi wa Helsinki wakaimarishwa, manowari ikaletwa karibu na jiji. Mapinduzi hayakutokea. Ninachokiona mimi ni mtu aliyekalia kuti kavu. Mwaka 1945 alilificha jambo la Moscow mbele ya serikali yake. Mwaka 1948 analificha jambo la jeshi mbele ya chama chake. Njia mbili zilimshinda fisi.

Kamati ya Katiba ya Bunge ilikuwa ikilichambua suala la watu 20, na hitimisho lake lilikuwa kwamba waziri alikwenda kinyume cha sheria. Tarehe 19 Mei 1948 Bunge lilipiga kura ya kutokuwa na imani naye. Waliosema aondoke walikuwa 81, waliomtetea 61. Jumlisha: 142. Bunge lina viti 200. Kura zaidi ya hamsini hazikuingia katika hesabu ya upande wowote. Wengine huiita kura hii ushindi mkubwa wa demokrasia. Ukiitazama hesabu yake, utaona ni ushindi uliopita mlango mwembamba, siku ambayo wengi hawakusema ndiyo wala hapana. Hilo halinipunguzii heshima kwa wale 81. Kama kuna lolote, linaniongezea, maana hakuna aliyejua siku ile Moscow ingejibu nini.

Leino hakujiuzulu. Katiba ya 1919 ilisema mawaziri wawe watu wenye imani ya Bunge, lakini nani amwondoe waziri aliyekataa kuondoka, wakati Waziri Mkuu ni wa muungano wake mwenyewe? Paasikivi, wakati huo mzee wa miaka 77, alikata mzizi wa fitina tarehe 22 Mei: alimwachisha kazi kwa uamuzi wake kama rais. Yule yule aliyerukwa mwaka 1945 ndiye aliyetia sahihi.

Migomo ikazuka. Wafanyakazi waliacha mashine na kudai waziri wao arudishwe, na kwa siku kadhaa ilionekana nchi inaweza kupinduka kutokea viwandani. Kisha ukapatikana mpango, nao unafaa kuangaliwa vizuri. Eino Kilpi, waziri wa elimu, mtu wa SKDL asiyekuwa mkomunisti, alihamishiwa mambo ya ndani. Hertta Kuusinen akaingizwa serikalini kama waziri asiye na wizara maalumu. Migomo ikaisha. Yaani chama kilipoteza polisi, kikapata kiti kisicho na ofisi, na aliyeingia kwa sababu mume ametolewa alikuwa mke. Sijui kama kuna udhalilishaji wa kisiasa ulio mkubwa kuliko huo kwa mtu aliyewahi kuwa wa kwanza wa chama chake kuapishwa.

Uchaguzi ulifuata siku za kwanza za Julai. SKDL ilishuka kutoka viti 49 hadi 38. Mwisho wa mwezi Fagerholm, yule yule aliyepinga kukabidhiwa Wayahudi mwaka 1942, aliunda serikali ya wasoshalisti wa kidemokrasia peke yao, na wakomunisti wakabaki nje ya serikali hadi mwaka 1966. Valpo nyekundu ilivunjwa, na mwaka 1949 ikaanza polisi mpya ya usalama, Supo, ambayo ipo mpaka leo.

Leino hakupelekwa mahakamani. Baadhi ya wasomaji watasema hiyo ni adhabu ndogo mno kwa watu 20, na nikifikiria Solikamsk, alikofia Petrichenko, siwezi kuwaambia wamekosea. Lakini kwa nchi iliyokuwa katika hali ile, kesi ya waziri mkomunisti ingekuwa kesi ya Savonenkov na Zhdanov, na wao hawakuwa wa kushitakiwa Helsinki. Bunge lilichukua kile lilichokuwa na uwezo nacho kwa hakika: cheo. Kumnyang'anya mtu cheo kwa kura iliyohesabiwa hadharani, bila risasi, wiki chache tu baada ya Prague, lilikuwa jambo ambalo jirani zake wengi wa Ulaya ya Mashariki hawakuweza kulifanya.

Na hao 81 walisukumwa na nini? Wengine na sheria. Wengine na hofu ya Prague, wengine na chuki ya 1918 iliyokuwa haijapoa, na wengine na hesabu ya uchaguzi uliokuwa umebaki wiki sita. Kama Bunge lingekuwa linasumbuliwa na usiku ule tu, lingeweza kuuliza tangu vuli ya 1947. Lakini nia za wapiga kura haziwezi kulisafisha tendo la Leino. Wala tendo la Leino haliwezi kusafisha nia zao. Aliyebeba barua peke yake usiku ule alikuwa yeye, na simu ilikuwepo.

Aliendelea kuwa mbunge hadi 1951, asiye na sauti tena. Ndoa yake na Hertta ilivunjika mwaka 1950. Hertta aliendelea kung'ara, akawa uso wa ukomunisti wa Kifini kwa miaka mingi. Leino alijitenga na chama, akaanza kuandika kumbukumbu zake za wakati wa uwaziri. Mwaka 1958 kitabu kilikuwa kimeshachapwa, kinasubiri kupelekwa madukani, pale ubalozi wa Kisovieti ulipolalamika serikalini. Mchapishaji akashawishika kukizuia. Maelfu ya nakala yalibaki ghalani, na mwaka 1962 yakateketezwa, ila chache zilizoponyoka. Leino mwenyewe alikuwa amefariki Juni 1961, akiwa na umri wa miaka 64. Kitabu chake kilifika madukani mwaka 1991.

Wale waliokuwa wamenusurika kati ya 20 walianza kurudi baada ya kifo cha Stalin. Mmoja wao, Unto Parvilahti, aliyekuwa mmoja wa Wafini waliojitolea katika jeshi la SS la Ujerumani wakati wa vita, alirudi mwaka 1954 kutoka kambini, akaandika yaliyompata, na kitabu chake kikatoka mwaka 1957. Kwa hiyo mwaka 1958 mtu wa Helsinki aliweza kuingia duka la vitabu akanunua maelezo ya mfungwa. Maelezo ya waziri aliyemkabidhi yalikuwa yamefungiwa ghalani, kwa ombi la wale wale walioandika barua.